Ubeti wa Egon

Dada yangu Tove hakuwahi kumchukia mtu, na hilo ndilo linalomtafuna. Angekuwa na chuki angalau angekuwa na la kujitetea. Yeye alitaka kuchekesha watu tu.

Tumefanya kazi pamoja saluni tangu tukiwa wasichana. Yeye anakata, mimi naosha vichwa, nafagia na kununa. Yeye anapiga soga na wateja, na mteja akitoka pale, Tove anajua mpaka rangi ya mapazia ya chumbani kwake. Habari hizo zote huishia kwenye nyimbo.

Maana hapa kwetu Brorsted, mji mdogo wa huku kaskazini kwenye baridi, ukitimiza miaka hamsini, ukioa, ukistaafu, hata ukinunua trekta jipya, huukosi wimbo. Unatungwa kwa sauti ya zamani ambayo kila mtu anaijua, unachapwa, unawekwa kando ya kila sahani, kisha ukumbi mzima unaimba ukikutazama usoni. Na ole wake mtunzi anayesifu tu! Wimbo wa sifa tupu ni wa mtu asiye na marafiki. Lazima uchomwe kidogo: gari lako linalovuja oili, chupa unayomficha mkeo. Nawe unayechomwa una kazi moja, ucheke, uinue glasi na ushukuru. Ukinuna umekwisha. Mimi nilinuna kwenye wimbo wangu wa miaka arobaini, na mpaka leo wananiita Karla Ndimu.

Tove ndiye mtunzi wetu. Hakuna sherehe ambayo hakuombwa. Kwa sababu hiyo hiyo, watu wanaompenda walimchagua kwenye kamati ya ushirika wa joto, ule unaopasha moto nyumba za mji, ingawa bomba na yeye ni mbalimbali kabisa.

Ushirika ni wetu sote. Kila nyumba yenye bomba ina kura moja, iwe ya mwenye duka, mwenye karakana au bibi anayeishi na paka wake. Maji ya moto yanatoka mtamboni, yanapita chini ya barabara, yanaingia kwenye vyuma vya joto vilivyo ukutani mwa kila chumba, yanarudi yakiwa yamepoa. Zamani tulichoma makaa, baadaye mafuta, baadaye mabua ya ngano. Sasa tuna shamba la sola pale palipokuwa na mabanda ya nguruwe, na pampu kubwa inayonyonya joto kwenye maji machafu ya mji kabla hayajaenda mtoni. Siku nyingi bomba la moshi ni la kutulia kunguru tu. Tunajivunia hilo kuliko timu yetu ya mpira, na kwa kweli timu yenyewe haina cha kujivunia.

Ila pampu ina tabia zake. Villy, fundi wa mtambo, alimweleza Tove siku moja akiwa na taulo shingoni.

"Ni kama kuteka maji kisimani, mama. Kisima kikiwa na kina kifupi mkono hauchoki. Nikipeleka maji ya vuguvugu pampu inafanya kazi huku inaimba. Nikitakiwa kupeleka ya moto sana inashindwa, inabidi niwashe tanuri la mabua, moshi juu."

"Si upeleke vuguvugu?"

"Na Egon je?"

Egon Lauridsen alikuwa nyumba ya mwisho kwenye Barabara ya Mose, huko bomba linapoishia. Maji yakimfika yamesafiri, yamechoka. Nyumba yake ni ya zamani, na vyuma vyake vya joto ni vyembamba, vya enzi zile za makaa. Sisi wa mjini tukiwa na joto la kutosha, kwake ni vuguvugu tu. Basi alikuwa anapiga simu. "Villy, mwanangu, huku kwangu hakukaliki." Villy anapandisha, na mji mzima unapanda kwa ajili ya mzee mmoja. Hakuwa mlalamishi. Ujanani alikuwa kwenye genge lililochimba mitaro ya mabomba hayo hayo, na alikuwa anasema kwa mzaha kwamba walimwekea bomba yeye wa mwisho kwa sababu alijichelewesha kuoa. Mkewe Inga amefariki, watoto hawakujaaliwa.

Ushirika ulipotimiza miaka sitini tulifanya sherehe ukumbini. Nyama ya nguruwe na ngozi yake iliyokauka vizuri, kabichi nyekundu, bendera ndogo mezani, vijiglasi vya pombe kali. Tove alikuwa ametunga wimbo mrefu, kila mtu na ubeti wake. Mwenyekiti Jørn alichomwa kwa hotuba zake zisizokwisha. Villy alichomwa kwa kulala mtamboni. Kisha tukafika kwa Egon:

*Mji wote twachemshwa, sababu yake Egoni,*
*Simu yake ikilia, Villy mbio mtamboni;*
*Sisi jasho latutoka, twakimbilia uani,*
*Babu vaa soksi mbili, nasi tupoe mjini!*

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ubeti ukarudiwa, mara hii kwa kupiga meza. Egon naye alicheka, tena sana. Akasimama, akainua glasi yake kwa Tove, akasema, "Asante, binti, nimepatikana leo!" Akanywa yote. Alifanya vile vile inavyotakiwa, na Tove akarudi nyumbani akiwa ameridhika na nafsi yake.

Baada ya hapo simu ya Villy haikulia.

Villy akateremsha joto kidogo, akasubiri. Kimya. Akateremsha tena. Kimya. Baridi ikaingia, mashamba yakawa meupe asubuhi, na tanuri la mabua halijawashwa. Krismasi ikapita halijawashwa. Watu wa miji mingine wakaanza kuja kuangalia, Jørn akawatembeza kama bwana harusi. Wakamuuliza siri ni nini. Jørn akaanza hesabu zake za maji yanayokwenda na maji yanayorudi, na Tove, aliyekuwa anagawa kahawa, akamkata kauli.

"Siri ni wimbo wangu, jamani! Hesabu zenu zilishindwa miaka yote."

Wageni wakacheka. Nami nilikuwepo nimeshika sinia la keki. Neno hilo dada yangu analikumbuka kuliko yote aliyowahi kusema maishani. Siku hizi akiwa anaosha vyombo nasikia anaguna ghafla kama aliyejikata, nikimwuliza kulikoni anasema hakuna kitu. Najua ni lile.

Mwezi wa pili Egon akaanza kutuzoea saluni. Kwanza alikuja kukata nywele, na hilo ni la kawaida. Alipokwisha akaomba akae kidogo asome gazeti. Kesho yake akaja tena, nywele hana za kukata. Akaketi kile kiti kilicho karibu na chuma cha joto, akafungua gazeti lile lile la jana. Alikaa mpaka tunafunga. Alikuwa anakohoa, na mimi kikohozi cha mtu kwenye saluni yangu sikipendi.

"Dada, huyu mzee atahamia lini?" nikamwuliza Tove jikoni.

"Muache. Mpweke huyo. Au amekuja kukuchumbia, Ndimu wangu."

"Akinichumbia nitamtungia wimbo mimi."

Tove akatoka na utani huo mpaka kwa wateja, na wateja wakawa wanampa Egon hongera. "Mzee, lini tunakula pilau yako na Karla?" Egon anatabasamu nyuma ya gazeti. "Bado tunajuana," anajibu. Siku nzima anajibu hivyo, na hasogei kutoka kwenye chuma.

Siku moja alikohoa mpaka akashindwa kusimama. Tove akamwambia atampeleka nyumbani kwa gari. Mzee akakataa, akasema anajua njia. Tove akamshika mkono ili amwinue, akaugeuza autazame. Ule mkono, baada ya kukaa kando ya joto tangu asubuhi, ulikuwa bado wa baridi, na vidole vilikuwa vimevimba, vyekundu, vimepasuka kwenye viungo. Dada yangu ameshika vichwa na mikono ya watu maelfu, lakini mkono wa namna ile hakuwahi kuushika. Akavaa koti bila kuniaga.

Yaliyotokea huko nyumbani kwa Egon alinisimulia mwenyewe, tena si mara moja. Sebule ilikuwa imefungwa, blanketi limesukumwa chini ya mlango. Chumba cha kulala hivyo hivyo. Egon alikuwa amehamishia kitanda jikoni, kando ya jiko la kupikia, na mlango wa jiko hilo ulikuwa wazi ili joto la kuokea litoke. Pumzi yao ilionekana kama moshi. Tove akaweka kiganja juu ya chuma cha joto, akaona ni kama kushika kikombe cha chai iliyosahauliwa.

"Mbona hukupiga simu?"

"Nipige simu?" Egon akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Nitapigaje simu, binti? Mimi nimeshaimbwa."

Tove akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nikipiga tu, Villy atanisikiliza, ni mtu mzuri. Lakini atakuwa anausikia ule ubeti kichwani. Na wewe utausikia. Na mwenye duka. Ningeupigia simu mji mzima ucheke." Akakohoa. "Ila usijali. Soksi nimevaa. Mbili, kama ulivyosema."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo pabaya. Tove alianza kulia, akaanza kuomba radhi, naye Egon akachukizwa kweli kweli, siyo na wimbo bali na machozi. Akamwambia wimbo ulikuwa mzuri, vina vimekaa sawa, Inga angeupenda. Kisha akamshika mkono.

"Niahidi kitu. Usimwambie mtu."

"Egon, utakufa humu."

"Niahidi."

Akaahidi. Mtu aliyemkosea mwenzake hana ubavu wa kumkatalia ombi.

Alirudi saluni uso umemshuka. Usiku ule alifika nyumbani akaona haya kuvua koti na kukaa kwenye joto, akazima chuma cha chumbani, akalala nalo. Aliniambia hivyo asubuhi, nami nikamfokea, kwa sababu baridi yake haimpashi Egon joto. Dada yangu akiumia anataka aumie kisawasawa. Alimpelekea mzee blanketi, akalikuta limekunjwa mlangoni pake mwenyewe siku ya pili. Akampelekea hita ya umeme, nayo ikarudi. Mchumba wa mpwa wetu alikuja kuomba wimbo wa harusi, Tove akamwambia hatungi tena. Yule msichana alidhani tumegombana.

"Si umwambie Villy apandishe, basi," nikasema. "Bila kutaja jina."

Alikwenda. Villy alimsikiliza akikuna kichwa.

"Mama, kila mtu anaona joto la mtambo kwenye simu yake ya mkononi. Nikipandisha, kabla ya saa ya chai Jørn yuko hapa. Kamati mlipitisha wenyewe, na wewe uliinua mkono: tunapandisha nyumba ikilalamika. Niambie ni nyumba ipi."

Tove akavaa glavu zake aondoke.

"Basi mwenyewe apige simu," Villy akasema, na kwa jinsi alivyotazama chini nadhani alishajua. "Nitapandisha siku hiyo hiyo. Namuomba apige."

Egon hakupiga. Na mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa unakaribia, wenye ajenda moja kubwa: joto la chini liwe la kudumu, na tanuri la mabua liuzwe kama chuma chakavu. Likishauzwa, hata Egon akija kupiga simu, Villy hatakuwa na moto wa kumpelekea wakati wa baridi kali. Tove alikuwa na mambo mawili mkononi, ahadi na mzee mwenyewe, na akishika moja lingine linaanguka. Aliniuliza ningefanya nini. Nikamwambia ningesema, ahadi ipotelee mbali, mtu hafi kwa aibu. Nilisema kwa hasira tu, kama ninavyosema mengi. Yeye alilichukua.

Ukumbi ulijaa. Kahawa, mikate midogo, watu wenye furaha. Egon alikuwa amekaa mstari wa nyuma na koti lake, amechana nywele kwa maji. Jørn akasoma ripoti mpaka watu wakaanza kusinzia, lakini mwisho wake uliwaamsha.

"Na majira yote ya baridi, ndugu zangu, hatukupata lalamiko hata moja. Hata moja!"

Makofi. Tove alikuwa meza ya mbele pamoja na kamati. Nilimwona anasimama, na nikaanza kujuta kabla hajasema.

"Hakuna lalamiko kwa sababu mimi niliwafunga watu midomo," akasema. "Kuna nyumba mtu amelala jikoni majira yote ya baridi. Vidole vimempasuka. Hakupiga simu kwa sababu ya wimbo wangu. Msiuze tanuri. Tupandishe joto, tubadilishe vyuma vya nyumba za mwisho kwanza, kwa gharama ya ushirika. Nawaombeni. Kosa ni langu."

Hakutaja jina, kweli. Alidhani hiyo inatosha. Lakini nyumba ya mwisho ni moja, na ubeti wenye soksi ni mmoja, na vichwa vyote ukumbini viligeuka nyuma kwa pamoja.

Nilimwona mwanamke mmoja kijana wa Barabara ya Mose, mwenye mtoto aliyevikwa nguo za theluji humo humo ndani, amefungua mdomo kama anataka kusema kitu. Akamtazama Egon, akangoja.

Egon akasimama. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la siku ya sherehe.

"Mnanitazama mimi? Mimi, baridi?" Akainua suruali kidogo akaonyesha mguu. "Mimi nina soksi mbili, jamani, niliambiwa!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Mtu mmoja akaanza kupiga meza, na wachache wakaanza ule ubeti, wakaumaliza mpaka mwisho. Jørn naye akicheka akasema tunamshukuru Tove kwa moyo wake mwema, sasa tupige kura. Mikono ikaenda juu, msitu mzima. Egon akainua wake. Yule mwanamke kijana akamtazama mtoto wake, akainua na yeye. Tanuri likauzwa.

Dada yangu alibaki amesimama, hajui akae au atoke. Nimemwonea hasira maisha yangu yote, lakini pale nilitamani kwenda kumfunika na koti langu.

Tulimkuta Egon nje kwenye ngazi, anafunga vifungo. Vidole havikumtii, kila kifungo kilimchukua muda. Tove akanyoosha mkono amsaidie. Egon akarudi nyuma hatua moja.

"Egon, nisamehe. Nilitaka kukusaidia."

"Uliniahidi."

"Najua."

"Umeniimba mara ya pili, Tove." Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Ile ya kwanza angalau ilikuwa na muziki."

Akaachia kifungo cha mwisho bila kukifunga, akashuka ngazi, akashika njia ya Barabara ya Mose.